Ningoje turbo mpya, au ninunue iliyopo?

Maswali ya wasomaji kuhusu magari

Safari hii tumeweka pamoja barua zinazohusu uamuzi mmoja. Gari la kifahari umeshalichagua na fedha zipo, kisha mtengenezaji anatangaza kwamba mwakani litakuja na injini mpya ya turbo, yaani yenye kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Penye mengi ya kueleza tumejibu kwa urefu, na pale ambapo neno moja linatosha hatukuongeza la pili.

SWALI: Nataka saluni kubwa ya kifahari. Iliyopo sasa ina injini ya V8 (silinda nane katika safu mbili zenye umbo la V) isiyo na turbo, ni ya miaka mingi na sifa zake ni nzuri. Mtengenezaji ametangaza toleo jipya lenye V6 na turbo mbili. Ningoje?

JIBU: Kabla ya kulinganisha injini, jiulize gari hilo utakaa nalo muda gani. Kama utaliuza baada ya miaka mitatu, waranti ikiwa bado hai, kungoja kuna maana, kwa kuwa hitilafu za injini changa zitamwangukia aliyeitengeneza. Kama unanunua gari la kukaa nalo miaka kumi, ushauri wetu unabadilika: chukua V8 iliyopo, au ngoja hadi injini mpya itimize mwaka wa pili au wa tatu sokoni. Tunachokihofia ni mwaka wa kwanza. Turbo yenyewe si ngeni kwenye magari ya bei kubwa. Porsche ilianza kuuza 911 Turbo mwaka 1975, na Bentley ikaleta Mulsanne Turbo mwaka 1982.

Faida ya kungoja ni ya kweli na inapimika. Chukua mfano wa Lexus LS. LS 460 ilikuwa na V8 ya lita 4.6 bila turbo, yenye torki (nguvu ya injini ya kuzungusha) ya karibu Nm 500, na kilele cha torki hiyo kilifikiwa kwenye mizunguko kama 4,100 kwa dakika. LS 500 iliyofuata ina V6 ya lita 3.4 na turbo mbili, torki ni Nm 600, tena inaanza mizunguko 1,600. Maana yake barabarani ni kwamba unapotaka kulipita lori, gari la pili linavuta pale pale lilipo, wakati la kwanza linashusha gia moja au mbili na kuinua mizunguko ndipo lipate nguvu yake. Ukiwa na abiria wanne na mizigo, tofauti hiyo utaihisi kila siku.

Kuna unachokipoteza pia, na wauzaji hawakitaji. V8 ambayo safu zake mbili za silinda zimeachana kwa nyuzi 90 ina ulinganifu mzuri wa mitikisiko kwa asili yake. V6 huhitaji msaada wa mihimili ya kusawazisha, mpira wa kushikia injini wenye majimaji ndani, au vyote viwili. Mguu wako nao una majibu tofauti: injini isiyo na turbo huitika papo hapo na kwa kadiri ile ile uliyokanyaga. Mtu anayenunua gari la kifahari kwa sababu ya utulivu wake aendeshe magari yote mawili siku moja, barabara moja, injini zikiwa zimeshapata moto, kisha azisikilize zikiwa zinanguruma taratibu gari limesimama. Hapo ndipo V6 nyingi hujionyesha.

Sasa kalenda. LS 500 ilionyeshwa Detroit Januari 2017. Japani ilianza kuuzwa Oktoba mwaka huo, na Marekani mwanzoni mwa 2018. Kwa hiyo aliyesikia tangazo siku ya kwanza alingoja miezi tisa hadi zaidi ya mwaka mmoja, na hapo foleni ya oda haijahesabiwa. Ukiongeza mwaka mmoja au miwili ya kuiacha injini ijulikane, umefika miaka miwili au mitatu. Je, gari ulilonalo litavumilia muda huo bila kukudai matengenezo makubwa? Kama litaingia gereji kubadilishwa giaboksi mwezi wa sita, kungoja kumeshakugharimu.

Kwa nini mwaka wa kwanza? Tazama injini ya BMW inayoitwa N63, V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili, iliyotoka mwaka 2008 ndani ya X6. Wahandisi waliziweka turbo katikati ya V, juu ya injini, badala ya ubavuni. Njia ya moshi kutoka silinda hadi turbo ikawa fupi sana na mwitikio ukawa wa haraka. Lakini joto lote la ekzosi likakusanyika mahali pamoja, juu ya mipira, nyaya na sili. Sili za valvu zikakakamaa na kuruhusu oili kupita, injini zikawa zinakula oili, na injekta zikaleta matatizo yake. Mwaka 2014 BMW ilianzisha Marekani mpango maalumu wa kuyakagua magari hayo: cheni ya taimingi, injekta, betri na vinginevyo. Muda wa kubadilisha oili nao ukafupishwa. Toleo lililorekebishwa la injini hiyo lilikuwa limeshatoka tangu mwaka 2012. Waliongoja miaka minne walipata injini iliyo bora kuliko waliokuwa wa kwanza kwenye foleni.

Usidhani basi kwamba umri wa muundo pekee unatosha. Injini ya V6 ya lita 3.4 tuliyoitaja kwenye LS ilikuwa barabarani tangu 2017. Ilipoingizwa kwenye Toyota Tundra na Lexus LX 600, magari yapatayo 102,000 ya miaka ya modeli 2022 na 2023 yaliitwa yarudishwe Marekani mwaka 2024. Sababu ilikuwa mabaki ya chuma yaliyosalia ndani ya injini baada ya kukerezwa kiwandani, ambayo yakifika kwenye beringi za krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) huziharibu, na injini inaweza kuzima gari likiwa kwenye mwendo. Muundo ni ule ule, uzalishaji ndio uliokuwa na dosari. Ndiyo maana tunasisitiza tarehe ya kutengenezwa. Usiridhike na mwaka wa modeli ulioandikwa kwenye tangazo. Soma kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au mpe muuzaji namba ya chasisi akuonyeshe mwezi gari lilipotoka kiwandani na kazi zote za kurekebisha zilizoagizwa juu yake.

SWALI: Naambiwa injini ndogo ya turbo inakula mafuta kidogo kuliko kubwa isiyo na turbo. Nikingoja nitaokoa kweli?

JIBU: Utaokoa ukiendesha taratibu. Ukiwa mtu wa kukanyaga, hutaokoa sana.

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli ili iungue yote. Turbo haibadilishi hesabu hiyo. Kazi yake ni kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, na hewa zaidi inadai petroli zaidi. Faida inapatikana pale ambapo hutumii nguvu nyingi. Kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa katika barabara tambarare, gari linahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na injini ya lita 2 au 3 hupoteza kidogo kwa msuguano na kwa kuvuta hewa kuliko V8 ya lita 5.

Kwenye mlima mrefu, au ukivuta trela, hali hugeuka. Moshi unaoingia kwenye turbo ya petroli unaweza kufika nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi. Ili kuilinda turbo, kompyuta huongeza petroli kupita kiasi kinachohitajika kuungua, petroli hiyo ya ziada ipoze moshi. Hapo mita ya matumizi inapanda ghafla. Injini za karibuni hupunguza tatizo hili kwa kuijenga njia ya ekzosi ndani ya kichwa cha silinda, ipozwe na maji, kama Audi na Volkswagen walivyofanya kwenye kizazi cha tatu cha injini yao ya EA888. Muulize muuzaji kama injini unayoingoja ina mpangilio huo. Ni swali la maana kuliko lile la lita ngapi kwa kilomita 100 kwenye karatasi ya maabara.

Hesabu pia petroli yenyewe. Kitabu kikisema oktani 95 ndiyo kima cha chini na 98 ndiyo inayopendekezwa, mara nyingi nguvu zilizotangazwa zimepimwa kwa 98. Ukitia ya chini, sensa ya kugonga (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda) itaisikia injini na kompyuta itachelewesha cheche. Injini haitaharibika, ila nguvu zinashuka na ulaji unapanda. Kwa mahali ambapo ubora wa petroli hauaminiki, hili peke yake linaweza kukufanya ubaki na injini isiyo na turbo.

SWALI: Ninaishi sehemu ya juu sana, na gari langu la V6 linachoka kupanda. Turbo itasaidia?

JIBU: Sana. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa sababu hewa imepungua uzito. Turbo hufidia kwa kuzunguka kasi zaidi, mpaka ifikie kikomo chake. Kwako wewe kungoja kuna faida kubwa, na tungekushauri ungoje hata kama usingeuza gari mapema.

SWALI: Niliendesha toleo la turbo la gari la aina nyingine. Nikikanyaga linasita, halafu linaruka. Injini mpya wanazotangaza zimeondoa jambo hilo?

JIBU: Kwanza hakikisha kinachosita ni turbo. Mara nyingi ni giaboksi inayotafuta gia, au ni pedali iliyopangwa kuwa laini katika hali ya kuendesha kwa uchumi. Jaribu hivi: weka giaboksi kwenye hali ya kuchagua gia mwenyewe, gia ya tatu, mizunguko 2,000, barabara tupu iliyonyooka. Kanyaga mpaka mwisho, uhesabu muda hadi gari livute kwa nguvu zake zote. Rudia kwenye mizunguko 3,000. Kama mara ya pili kusita kumetoweka, tatizo ni turbo iliyokuwa haijapata kasi. Kama kwenye gia iliyofungwa halisiti kabisa, lakini likiwa kwenye otomatiki linasita, laumu giaboksi. Injini mpya haitakusaidia kama itakuja na giaboksi ile ile yenye programu ile ile.

Dawa za kusita zipo za aina kadhaa. Ya kawaida ni turbo yenye njia mbili za moshi, ambapo silinda hugawanywa makundi mawili ili moshi wa silinda moja usikwamishe wa nyingine. Ya gharama zaidi ni kompresa ya umeme. Mercedes-Benz iliiweka kwenye injini yake ya silinda sita mstari mmoja, M256, iliyoingia S-Class mwaka 2017. Kompresa hiyo hupata umeme kutoka mfumo wa volti 48 na kufikia mizunguko 70,000 ndani ya sekunde 0.3, kisha turbo yenyewe ikishapata kasi kompresa hupumzika. Ukiiendesha utaona injini inaitika kama isiyo na turbo. Ila umeongeza kompresa, betri ya pili na kigeuzi cha umeme, na kila kimoja ni kitu cha kuangaliwa waranti itakapokwisha. Mtu wa miaka kumi ayaweke hayo kwenye hesabu.

SWALI: Nimeamua kungoja. Nikipata karatasi ya maelezo ya injini mpya, niangalie nini?

JIBU: Anza na namba ya injini. Jina la kibiashara nyuma ya gari halikuambii kitu, maana namba kama 300 au 500 haina tena uhusiano na lita. Ukishapata namba, uliza imetumika kwenye magari gani mengine na tangu mwaka gani. Injini iliyo kwenye magari mengi itakuwa na vipuri, mafundi wanaoijua, na marekebisho yaliyofanywa kimya kimya kila mwaka. B58 ya BMW, silinda sita ya lita 3, ilitoka 2015, ikaenea kwenye magari mengi ya kampuni hiyo, na mwaka 2019 ikaingia hata kwenye Toyota Supra. Upande wa pili ipo V8 ya lita 4.2 yenye turbo mbili iliyoitwa Blackwing, ya Cadillac CT6. Ilikuwa injini nzuri kweli. Gari lake liliacha kutengenezwa Marekani mwaka 2020, na injini hiyo haikuwekwa kwenye Cadillac nyingine yoyote. CT5-V Blackwing iliyokuja baadaye ina V8 ya lita 6.2, tofauti kabisa, licha ya jina. Fikiria mwenye CT6 anayetafuta turbo au sensa ya injini hiyo miaka kumi baadaye.

Kisha tazama petroli inaingiaje. Injini nyingi za turbo za leo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Inapoza silinda na kuzuia kugonga, ndiyo maana wameipenda. Lakini valvu za kuingizia hewa hazioshwi tena na petroli, na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye kara (sehemu ya chini ya injini penye oili) huganda juu yake na kuwa masizi magumu. Baada ya makumi ya maelfu ya kilomita injini inaanza kutetemeka ikiwa ya baridi, na dawa yake ni kufungua njia ya hewa na kuzipuliza valvu kwa unga wa maganda ya jozi. Injini yenye injekta za aina zote mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, huepuka sehemu kubwa ya adha hiyo. Toyota na Lexus wameitumia kwa miaka mingi chini ya jina D-4S. Tukiwa na injini mbili zinazolingana kwa mengine yote, tungechagua yenye injekta za aina mbili bila kusita.

Tatu, oili iliyoandikwa kwenye kitabu. Turbo yenye petroli ya moja kwa moja ina ugonjwa wake: mchanganyiko kulipuka kabla ya cheche wakati injini iko kwenye mizunguko ya chini na mzigo mkubwa, tuseme 1,500 hadi 2,000, gia ya juu, umekanyaga mpaka chini. Matone ya oili yaliyochanganyika na petroli, au vipande vya masizi, ndiyo huwasha moto mapema. Msukumo unaotokea unaweza kuvunja kuta nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi. Ilibainika kuwa viungio vya kalishamu kwenye oili huchochea jambo hilo, ndipo Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) ikatoa kiwango cha API SN Plus mwaka 2018 na API SP mwaka 2020. Injini ya turbo isitiwe oili iliyo chini ya hapo, isipokuwa mtengenezaji ameandika kiwango chake mwenyewe kinachofunika jambo hilo. Na kwenye kilima usilazimishe gia ya juu. Iache giaboksi ishuke.

Vilevile uwe mwangalifu na ubunifu ambao haujaonekana kwingine. Infiniti ilileta kwenye QX50 injini ya turbo ya lita 2 inayobadilisha uwiano wa mgandamizo (kiasi ambacho pistoni inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli) kati ya 8 kwa 1 na 14 kwa 1, kwa mfumo wa vyuma vinavyoinua na kushusha kikomo cha pistoni. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima. Mwaka 2025 injini za familia hiyo ziliitwa zirudishwe Marekani kwa sababu ya beringi zinazoweza kuharibika. Viungo vinapoongezeka kati ya pistoni na krankshafti, beringi nazo huongezeka, na kila beringi inategemea oili safi yenye shinikizo la kutosha.

SWALI: Badala ya kungoja mpya, nimeona gari la kifahari la turbo la miaka mitatu au minne. Nitajuaje kama turbo na injini ni nzima?

JIBU: Hii mara nyingi ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote. Injini imeshajulikana magonjwa yake, na mnunuzi wa kwanza ameshabeba sehemu kubwa ya anguko la bei. Lakini ukague kwa utaratibu, usikimbilie kuendesha.

Fika gari likiwa la baridi. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe, kisha gusa boneti kuhakikisha. Chomoa kijiti cha oili, kama kipo, utazame kiwango na unuse. Harufu kali ya petroli inaonyesha safari fupi nyingi zisizoipa injini nafasi ya kupata moto. Fungua kifuniko cha oili na umulike kwa tochi: rangi ya kahawia ni sawa, utando mweusi mzito kama lami unasema oili haikubadilishwa kwa wakati. Washa. Sikiliza sekunde tano za kwanza kwa mlio wa cheni, halafu usikilize mlio wa bati linalogongagonga upande wa turbo unapoachia pedali. Huo mara nyingi ni mlango wa kupunguzia msukumo uliolegea. Kwenye turbo nyingi hautengenezwi peke yake. Hubadilishwa turbo nzima.

Liache lingurume dakika tano, kisha mwenzako akanyage kidogo ukiwa nyuma. Wingu la moshi wa buluu baada ya kungurumisha hivyo huelekeza kwenye sili za valvu au sili za turbo. Moshi mweupe wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoungua.

Zima, liache lipoe, umwombe fundi afungue bomba la hewa linaloingia kwenye kompresa. Utando mwembamba wa oili ndani ya bomba ni kawaida. Oili iliyotuama chini ya intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye turbo) si kawaida. Shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kwake juu na chini kwa nafasi ndogo mno kunakubalika, kwa sababu beringi zake huelea juu ya utando wa oili. Ukiivuta na kuisukuma kwa urefu wake, usihisi kitu. Angalia mapezi: yaliyochubuka kingo yameshagusa ukuta, au yamemeza mchanga kwa filta mbovu.

Halafu skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, gari likiwa kwenye mwendo. Omba kuona shinikizo la turbo linalotakiwa na linalopatikana, yakifuatana. Tofauti inayodumu ina maana bomba limepasuka, mlango wa msukumo umelegea, au turbo imechoka. Tazama pia hesabu ya silinda zinazokosa kuwaka na marekebisho ya petroli. Marekebisho ya muda mrefu yakizidi asilimia 10, hewa inaingia mahali isipotakiwa, au injekta haifanyi kazi sawasawa.

Kama muuzaji anakubali, pima ulaji wa oili: jaza hadi alama ya juu, endesha kilomita 1,000, pima tena mahali pale pale palipo tambarare. Baadhi ya vitabu, vya Audi vikiwemo, huruhusu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000. Waranti inaweza kulikubali hilo. Sisi hatungenunua gari la miaka minne linalofika hapo.

SWALI: Nikinunua sasa hili la injini ya zamani, bei yake haitaanguka siku turbo ikiingia?

JIBU: Itashuka, ila mara nyingi unaweza kuupata mshuko huo wewe kabla ya wengine. Miezi ya mwisho ya modeli ndiyo muuzaji anapotaka kusafisha ghala, na punguzo analolitoa hapo ni sehemu ya anguko hilo. Usinunue kwa bei kamili gari ambalo mrithi wake ameshatangazwa. Injini kubwa zisizo na turbo zinazosifika kwa kudumu, kama V8 ya lita 5.7 ya Lexus LX 570, huendelea kuwa na wanunuzi wanaozitafuta kwa makusudi.

SWALI: Ninayo sasa, turbo, mpya kabisa. Niitunzeje ifike mbali?

JIBU: Kilomita 2,000 za mwanzo usizidishe mizunguko 4,500, na badilisha kasi mara kwa mara badala ya kukaa kwenye mwendo mmoja kwa saa nzima. Kila asubuhi ondoka taratibu bila kukanyaga sana mpaka oili ipate moto. Kipimo cha maji hufika katikati mapema kuliko oili, kwa hiyo ongeza dakika tano baada ya hapo. Ukishuka kutoka barabara ya kasi au mlima mrefu, endesha kilomita moja au mbili za mwisho polepole kabla ya kuzima. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, na oili inayobaki kwenye beringi ya moto bila kutembea huungua na kuziba njia. Pampu ya umeme inayoendelea kusukuma maji baada ya kuzima husaidia, lakini haiisukumi oili.

Oili ibadilishwe kila kilomita 8,000 hadi 10,000 au mwaka mmoja, hata kama kitabu kinaruhusu 20,000 au zaidi. Plagi za turbo huchoka mapema, mara nyingi kati ya kilomita 40,000 na 60,000, na mwanya wake huwa mdogo, kama milimita 0.7 hadi 0.8. Mwanya ukipanuka, koili zitafanya kazi ya ziada na injini itakosa kuwaka ukikanyaga kwa nguvu.

SWALI: Muuzaji anataka amana ili aniweke kwenye foleni ya toleo la turbo. Nimpe?

JIBU: Mpe baada ya kuona mambo haya kwenye maandishi: namba ya injini na nguvu zake kwa soko lako, upande wa usukani, giaboksi, mwezi wa kukabidhiwa gari, bei itakayotumika hata ikipanda, na tarehe ambayo ikipita bila gari kufika unarudishiwa amana yote. Upande wa usukani tumeutaja kwa makusudi, kwa kuwa matoleo ya usukani wa kulia mara nyingi hufuata miezi kadhaa baada ya yale ya kushoto, na tarehe uliyoisoma kwenye tangazo huenda si ya kwako. Uliza pia kama turbo hiyo itakuja siku ya kwanza ya modeli mpya au baadaye. Si mara moja mtengenezaji ameanza na injini za chini au za haibridi, ile inayosubiriwa ikafuata mwaka mmoja baadaye, na waliolipa amana wakajikuta wanashawishiwa kuchukua nyingine.